Mbolea ya leo, udongo wa kesho

Najua nimepotea kidogo, kazi za gazeti zimenibana. Leo nimerudi na mada ambayo wiki kadhaa zilizopita niliiandikia habari ndefu, mhariri akaikata mpaka zikabaki aya tatu. Aliniambia, "Kijana, udongo hauuzi gazeti." Sawa bosi. Ila hapa hakuna mhariri, kwa hiyo vuteni viti.

Yote yalianzia kwa mama, Chamazi, wilayani Temeke. Kwa wasiopajua, ukifika Mbagala Rangi Tatu unaiacha Barabara ya Kilwa na kukata kulia, huko huko uliko uwanja wa Azam. Mama ana bustani nyuma ya nyumba, matuta kumi na mawili ya mchicha, matembele na bamia. Kila anapopanda upya ananunua viroba vya samadi ya kuku kutoka kwa wafugaji wa mtaani, anaichanganya na ule mchanga, anamwagilia, anasubiri. Upande wa pili wa ua kuna kijana wa rika langu anayelima mchicha kwenye kiwanja kisicho chake. Mwenye kiwanja anaishi mjini, kamwachia akilinde huku akilima. Huyu hana habari na samadi. Anachota Urea kwenye kopo, anaitawanya, anamwagilia, na ndani ya wiki tatu au nne anauza.

Jumamosi moja nikamuuliza kwa nini hafanyi kama mama. Akacheka. "Kaka, Urea inanilipa mwezi huu huu. Samadi itakuja kumlipa mwenye kiwanja."

Kauli ile haikunitoka kichwani. Mwanzoni nilidhani ni ujanja wa mtu mmoja wa Chamazi. Nilipoanza kuchimba historia ya kilimo chetu nikakuta hesabu ile ile imepigwa Uluguru, Iringa, Mbeya na Mbinga, miaka mingi kabla yeye na mimi hatujazaliwa. Na kila ilipopigwa, udongo ndio uliobeba jibu.

Kabla ya historia, tupate somo dogo la kemia. Msikimbie.

Chukua udongo wa chini ya mwembe wa zamani na udongo wa kiwanja kilicholimwa miaka mingi bila kupumzishwa. Wa kwanza ni mweusi, unashikana, una harufu ya mvua. Wa pili umepauka, unapita katikati ya vidole. Tukiuacha pembeni udongo wa mbuga, ambao weusi wake una mambo mengine, weusi huo wa kwanza ni mabaki ya mimea na viumbe waliooza, na zaidi ya nusu ya mabaki hayo ni kaboni. Mmea unavuta hewa ukaa kutoka angani, unajenga majani, shina na mizizi. Ukifa, bakteria na fangasi wanaula. Sehemu kubwa inarudi hewani, na sehemu ndogo inabaki ardhini, nyingine kwa miaka michache, nyingine kwa mamia ya miaka, hasa pale ilipoungana na mfinyanzi.

Kiasi kilichopo si kidogo. Wataalamu wanakadiria kuwa mita moja ya juu ya udongo wa dunia nzima imeshika tani bilioni 1,500 hivi za kaboni ya aina hii. Hiyo ni zaidi ya kaboni yote iliyoko hewani. Ndiyo maana siku hizi kwenye mikutano ya tabianchi udongo unatajwa kama misitu inavyotajwa. Lakini kwa mkulima jambo lenyewe ni la karibu zaidi: kaboni ndiyo inayoshika maji, ndiyo inayozuia mbolea isioshwe, ndiyo inayofanya jembe liingie. Udongo ukiishiwa kaboni, hata mvua nzuri inapita tu kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Sasa mbolea inaingiaje hapo? Wakulima wetu wana jina zuri kwa mbolea za viwandani: mbolea za chumvichumvi. Ni jina sahihi. Urea, SA, CAN, DAP, zote ni chumvichumvi zinazoyeyuka, zinampa mmea chakula haraka. Ila hazina mabaki ya mimea ya kuujenga udongo. Samadi na mboji zinakuja na vyote viwili, chakula cha mmea na kaboni yenyewe.

Jaribio la zamani kuliko yote kuhusu jambo hili lipo Uingereza, mahali panapoitwa Rothamsted. Lilianzishwa mwaka 1843 na John Bennet Lawes pamoja na mkemia Joseph Henry Gilbert. Lawes mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mbolea ya viwandani, kwa hiyo hakuna atakayesema alikuwa na chuki nayo. Kwenye shamba la Broadbalk wamepanda ngano tangu wakati huo mpaka leo. Kuna vipande visivyopewa kitu, vipande vinavyopewa chumvichumvi, na vipande vinavyopewa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka. Mavuno ya chumvichumvi na ya samadi hayaachani sana. Lakini ukipima kaboni ardhini, kipande cha samadi kina zaidi ya mara mbili ya kile kisichopewa kitu. Kile cha chumvichumvi kimezidi kidogo tu, na hicho kidogo kimetokana na mizizi na mabua ya ngano iliyostawi zaidi.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, chumvichumvi si sumu ya udongo kama wanavyohubiri baadhi ya watu. Ikimfanya mmea ukue, inaongeza mizizi na mabaki, na mabaki ndiyo mbegu ya kaboni. Tena bakteria hawawezi kutengeneza mboji ya kudumu bila naitrojeni. La pili, mabaki yakiondolewa shambani, yakachomwa au yakaliwa yote na ng'ombe wa mtu mwingine, hiyo faida haipo. Mfuko umeingia, kaboni imetoka.

Haya, turudi nyumbani.

Maji tunayokunywa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unapata maji yake Milima ya Uluguru, Morogoro. Serikali ya kikoloni iliona mapema kwamba miteremko ile inamomonyoka. Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, wakakatazwa kuchoma mashamba, na asiyetii akapelekwa barazani. Kitaalamu nia haikuwa mbaya. Kuzuia mmomonyoko ni kuzuia kaboni isiende na maji, maana tabaka la juu ndilo lenye kaboni nyingi.

Tatizo ni kwamba udongo wa sehemu nyingi za Uluguru ni mwembamba. Ukichimba ngazi, unaufukia ule mweusi wa juu na kuuinua mwekundu wa chini usio na rutuba. Wanawake waliokuwa wakipanda kwenye ngazi mpya waliona kwa macho yao mahindi yakidumaa. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, mavuno yakashuka, na juu yake kuna hofu kwamba shamba likishatengenezwa vizuri wenye nguvu watalichukua. Ungekuwa wewe ungechimba? Mwezi Julai 1955 watu wakaandamana, Matombo pakawaka moto, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa, ikapata wanachama wengi milimani.

Historia ya siasa inalikumbuka tukio hilo kama hatua ya kuelekea uhuru, na ni kweli. Mimi nalikumbuka pia kama somo la udongo. Mkulima alipewa amri yenye faida ya miaka ishirini ijayo na hasara ya msimu huu, bila mtu yeyote kumhakikishia kwamba miaka ishirini ijayo bado atakuwa na shamba lile.

Uhuru ukaja. Mwezi Mei 1972 TANU ikakutana Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo, lililosisitiza kilimo cha kisasa, samadi ikiwemo. Mwaka huo huo kiwanda cha mbolea cha Tanga kikaanza uzalishaji. Kilikuwa fahari ya taifa, lakini malighafi zake zote zilitoka nje kwa meli. Moja ya mbolea zake ilikuwa SA, yaani salfeti ya amonia, ambayo ukiitumia msimu baada ya msimu bila chokaa inaongeza tindikali ardhini.

Kisha ukaja ukame wa 1973 na 1974. Nchi ikaishiwa chakula, fedha za kigeni zikaishia kwenye kununua nafaka. Hapo ndipo ilipozaliwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wazee wetu wa Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri, maana hata watumishi wa maofisini walitakiwa kushika jembe. Waliopata vipande pembezoni mwa jiji, kule ambako leo tunapanga vyumba, walilima mihogo na mahindi.

Wakati huo huo kulikuwa na Operesheni Vijiji. Kati ya 1974 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Sitaki kurudia mjadala wa Ujamaa, kila mtu ana wake. Nataka tuone upande wa udongo tu. Zamani sehemu nyingi watu walilima, wakachoka na shamba, wakaliacha lipumzike miaka mitano, kumi, nyasi na vichaka vikarudisha kaboni. Kijiji kikikusanya kaya mia tatu mahali pamoja, mashamba ya karibu yanalimwa kila mwaka bila likizo, na ya mbali hayafikiki. Halafu unajiuliza: nimeletwa hapa mwaka jana kwa lori la serikali, nina uhakika gani kwamba mwaka kesho sitapelekwa kwingine? Nani atapanda mti au kubeba samadi kichwani?

Pengo hilo likazibwa kwa mfuko. Katikati ya miaka ya 1970 Mradi wa Taifa wa Mahindi, uliopata fedha za Benki ya Dunia, ukaanza kugawa mbegu bora na mbolea kwa bei ya ruzuku. Mahindi yakanunuliwa kwa bei moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na wa Morogoro ingawa lori linasafiri siku kadhaa. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zikawa ghala la taifa. Ugali wa utotoni mwa wazazi wetu ulitoka huko, na hapa lazima tuwe waungwana: mbolea ile ililisha watu. Ningekuwa kijana wa mwaka 1976 mwenye njaa, nisingeuliza habari za kaboni.

Lakini kuna waliokuwa wanauliza. Mwaka huo huo wa 1976, Kabete, nje kidogo ya Nairobi, watafiti wa Kenya walianzisha jaribio la muda mrefu la mahindi na maharage kwenye udongo mwekundu wa milimani. Vipande vingine havikupewa kitu, vingine vikapewa chumvichumvi, vingine samadi, vingine mabua yakaachwa shambani, vingine yakaondolewa. Baada ya miaka 18 wakapima kaboni. Kila kipande kilikuwa kimepoteza, hata vile vilivyotunzwa vizuri. Tofauti ilikuwa kasi ya kupoteza. Waliopoteza kidogo zaidi ni wale waliopewa vyote vitatu, chumvichumvi, samadi na mabua yao wenyewe. Vile visivyopewa kitu, na mabua yakaondolewa, vilikuwa mkiani.

Hili jaribio linawasuta watu wa pande zote mbili. Anayesema mbolea ya viwandani ndiyo mwokozi ajibu kwa nini peke yake haikutosha. Anayesema turudi kwenye samadi peke yake aeleze tutaipata wapi samadi ya kutosha. Zile tani 35 za Rothamsted kwa hekta, ni mkulima gani wa Njombe mwenye ng'ombe wawili atazipata?

Miaka ya 1980 uchumi ukaanguka. Serikali ikabanwa na wakopeshaji, na kati ya 1991 na 1994 ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua. Kiwanda cha Tanga nacho kikafungwa mwaka 1991. Bei ya mfuko ikapaa, mikopo ya ushirika ikafa, na wakulima wengi wa Nyanda za Juu wakaacha mbolea ghafla, wakiwa wamebaki na udongo uliozoea kulishwa kwa mfuko. Akiba ya zamani ya kaboni ilikuwa imepungua, na mfuko haupo. Mtu aliyezoeshwa kuishi kwa mshahara akiachishwa kazi, anakula akiba. Udongo nao ulikula akiba.

Hapa tena Dar es Salaam inaingia kwenye hadithi. Mishahara ya miaka ya 1980 haikumaliza hata wiki, na watumishi wakageukia miradi. Aili Mari Tripp aliyeandika kitabu kuhusu uchumi usio rasmi wa jiji hili wakati ule anaeleza jinsi familia zilivyojiokoa kwa biashara ndogo na mifugo. Camillus Sawio wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika tasnifu yake ya mwaka 1993, alichunguza wakulima wa mjini na kukuta ni watu wa kila aina, wenye vyeo na wasio navyo. Banda la kuku likawa sehemu ya nyumba ya Sinza, Mbezi, Tegeta au Mbagala. Chini ya kuku unamwaga maranda ya mbao au pumba za mpunga. Baada ya wiki sita unazoa, na hapo una kiroba cha samadi. Maranda ya miti ya bara yanakuja kuwa kaboni ya mchicha wa Pwani! Bustani ya mama ni mtoto wa miaka ile ya dhiki.

Kwa mchanga wetu wa Pwani kazi hiyo haiishi. Mchanga hauna mfinyanzi wa kutosha kuishika kaboni, joto letu linawapa bakteria hamu ya kula mwaka mzima, na tunamwagilia kila siku. Ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Mama akipumzika msimu mmoja tu, weusi unaanza kupotea.

Mtaa huo huo wa mama kuna mzee mmoja Mmatengo, alikuja Dar es Salaam miaka mingi iliyopita, sasa amestaafu. Nilipomweleza ninachoandika, baada ya shikamoo na marahaba, akachukua kijiti akachora mraba mchangani. "Ninyi mnasoma vitabu," akasema, "kwetu udongo unafukiwa nyasi."

Alikuwa anaeleza ngoro. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanaishi kwenye milima mikali. Katikati ya karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma wengi wakasongamana milimani, na kutoka pale hapakuwa na pa kukimbilia. Kilimo chao ni hivi: mvua zinapokaribia kuisha, wanaume wanafyeka nyasi na kuziacha zikauke, kisha zinapangwa kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima unaonekana kama wavu. Wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Katikati linabaki shimo, kandokando tuta lenye nyasi ndani yake. Maharage yanapandwa juu ya tuta, msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, shimo linakamata maji na udongo, ndani ya tuta nyasi zinaoza taratibu. Zamu ikirudi, mashimo mapya yanachimbwa mahali pengine, na tuta la zamani linakuwa chakula.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walifanya kazi kule kwa miaka kadhaa kuusoma mfumo huu. Miteremko ambayo kwingineko ingekuwa makorongo imelimwa kwa vizazi. Tofauti na ngazi za Uluguru, hakuna bwana shamba aliyeamuru. Na ngoro si muujiza. Ni kazi nzito, hasa kwa wanawake, vijana wengi hawaitaki, na hata Mbinga chumvichumvi imekuwa ikitumika kwenye kahawa na mahindi. Ila mzee alinijibu swali langu la Chamazi bila kujua. Nilimuuliza kwa nini walijisumbua hivyo. Akasema, "Tungekwenda wapi? Mlima ulikuwa ndio huo huo."

Tangu 2003 ruzuku ya mbolea ilirudi taratibu. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaweka lengo la kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Kuanzia msimu wa 2008/09 tukawa na vocha za pembejeo. Mwaka 2022, bei ya mfuko ilipopanda duniani baada ya vita vya Ukraine, serikali ikarudisha ruzuku na mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ukauzwa shilingi 70,000. Wengi wangeacha kulima bila hatua ile. Mwezi Mei 2024 marais wakakutana tena, safari hii Nairobi, na angalau jina la mkutano likawa na maneno mbolea na afya ya udongo pamoja.

Lakini angalieni tunavyohesabu. Tani za mbolea zilizoingia bandarini tunazijua. Mifuko iliyogawiwa tunaijua. Mabua yaliyochomwa, samadi iliyoachwa, mashamba yasiyopumzika, hayo hayana ukurasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Dar es Salaam ndiyo mkosaji mkubwa. Kabichi na karoti zinatoka Mgeta na Lushoto, viazi Njombe na Mbeya, ndizi Bukoba na Tukuyu. Kila lori linaloingia Buguruni, Mabibo au Temeke Stereo limebeba kaboni na rutuba ya shamba la mtu. Tunakula nusu, maganda na majani tunayapeleka dampo la Pugu, yanaozea huko bila hewa na kutoa methani, gesi yenye kuchemsha dunia kuliko hewa ukaa. Halafu mkulima wa Mgeta ananunua mfuko wa Urea kurudisha alichotupelekea. Kule Mabwepande, Kinondoni, manispaa kwa kushirikiana na jiji la Hamburg walijenga kituo cha kugeuza taka za sokoni kuwa mboji. Wazo ni zuri, ila kwa jiji la mamilioni ya watu kituo kimoja ni tone.

Siku hizi pia kuna biashara ya kaboni. Tutasikia wakulima wakiambiwa wataulipwa kwa kaboni watakayohifadhi ardhini. Sina ugomvi na fedha. Naomba tu, kabla ya mikataba, mtu aulize swali la kijana wa Chamazi: je, huyu anayejenga udongo atakuwepo kuuvuna? Kaboni inachukua miaka kujengwa na misimu michache kupotea. Nusu ya wanaotulisha mchicha hapa jijini, kama niwaonavyo mabondeni na kwenye viwanja vya Boko, Bunju, Toangoma na Yombo, wanalima ardhi ya kuazima. Ukimpa mtu wa namna hiyo semina ya mboji, atakusikiliza, atakula chakula chako, kisha atarudi kwenye kopo lake la Urea. Na atakuwa sahihi.

Niwamalizie na kisa chenyewe. Mwezi uliopita nilikwenda Chamazi nikakuta lori limemwaga tofali juu ya matuta ya yule jirani. Mwenye kiwanja anaanza msingi. Kijana alikuwa amekaa juu ya tofali anakula muhogo wa kuchoma. "Si nilikwambia, kaka?" akasema. Hakuwa amekasirika sana. Hakuwa amezika chochote pale.

Mama akamwita. Akamwonyesha matuta manne ya mwisho karibu na ukuta, magoti yanamsumbua siku hizi. Akamwambia alime miaka mitatu, nusu ya mauzo yake, nusu yao wote, na mimi niwe shahidi. Nikaandika kwenye karatasi ya daftari, wakasaini wote wawili, mzee Mmatengo akaweka jina lake kama shahidi wa pili.

Kijana akalizunguka tuta la kwanza, akachota udongo, akaufinyanga kiganjani. Ukashikana. Akamgeukia mama akauliza, "Mama, hivi kiroba cha samadi siku hizi wanauza shilingi ngapi?"

Nawaacha na hilo. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na mhariri akiniachia nafasi.